Basi limefika Arusha, kisha likarudi Korogwe: kutatua mpangilio unaovurugika ndani ya string_agg na wenzake

Simu ilitoka kwa mama mmoja wa dirisha la tiketi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza bila kucheka: "Mwanangu, hivi basi letu siku hizi likishafika Arusha linarudi tena Korogwe?" Tiketi aliyoishika ilikuwa imechapwa hivi:

```
Dar es Salaam – Chalinze – Same – Moshi – Arusha – Korogwe
```

Hakuna aliyegusa msimbo kwa miezi. Mfumo ulikuwa unatumia kanzidata ya PostgreSQL, na hoja iliyochapa njia ilikuwa fupi kabisa, ikitumia `string_agg`, kitendakazi kinachounga maandishi ya mistari mingi kuwa andiko moja:

```sql
SELECT string_agg(jina, ' – ')
FROM vituo
WHERE safari_id = 1;
```

Kama umefika hapa, huenda na wewe una tiketi yako. Majina ya wanafunzi yamechanganyika kwenye ripoti, hatua za malipo zimegeuzwa, au jumla ya fedha inabadilika senti kila ukiikokotoa upya. Nitapita dalili moja baada ya nyingine, kwa uzito zinaostahili. Mifano mingi ni ya PostgreSQL kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo, lakini MySQL, SQL Server, Oracle na SQLite nitazigusa pale zinapotofautiana.

Kwanza, hakikisha ugonjwa ndio huu

Jedwali la SQL halina wa kwanza wala wa mwisho. Ni fungu la mistari tu, na kanzidata ina ruhusa ya kukupa mistari hiyo kwa njia yoyote iliyo rahisi kwake. `count`, `min`, `max` na `sum` ya namba kamili hazijali, kwa kuwa hata ukizipa mistari kichwa chini, jibu ni lile lile. Wanaojali ni wale wanaobeba mistari yenyewe hadi kwenye jibu: `string_agg`, `array_agg`, `json_agg`, `GROUP_CONCAT`, `LISTAGG`. Kuna na mmoja anayejificha, `sum` ya namba za desimali elea (float). Tutamfikia.

Kipimo ninachokipenda ni cha kikatili. Weka `ORDER BY random()` ndani ya mabano ya kitendakazi, kwenye mashine ya majaribio:

```sql
SELECT string_agg(jina, ' – ' ORDER BY random())
FROM vituo
WHERE safari_id = 1;
```

Endesha majaribio yako yote. Kinachovunjika ndicho kilichokuwa kikitegemea bahati. Kisichovunjika, ama hakijali mpangilio, ama hakijaribiwi.

Dalili: ilifanya kazi miezi, leo imebadilika peke yake

Hii ndiyo inayowasumbua watu wengi, na ndiyo inayozaa ile kauli ya "lakini kwangu inafanya kazi". Tuifungue taratibu. Tengeneza jedwali hili kwenye PostgreSQL:

```sql
CREATE TABLE vituo (safari_id int, namba int, jina text);
INSERT INTO vituo VALUES
 (1,1,'Dar es Salaam'), (1,2,'Chalinze'), (1,3,'Korongwe'),
 (1,4,'Same'), (1,5,'Moshi'), (1,6,'Arusha');
```

Ukiendesha hoja ya mwanzo, njia itatoka imenyooka kama rula. Sasa sahihisha jina lililokosewa:

```sql
UPDATE vituo SET jina = 'Korogwe' WHERE namba = 3;
```

Endesha tena. Korogwe imehamia mwisho. PostgreSQL haifuti na kuandika juu ya mstari uliopo. Inaandika toleo jipya la mstari kwenye nafasi iliyo wazi, na la zamani inaliacha hadi pasiwe na muamala unaolihitaji. Anayesoma jedwali kuanzia juu kwenda chini anakutana na toleo jipya mwishoni. Mama wa tiketi alikuwa ameona matokeo ya mtu mwema aliyeondoa herufi moja iliyozidi.

Baadaye `VACUUM` ikishasafisha mistari iliyokufa, nafasi zake hupewa mistari mipya popote pale kwenye jedwali. Kwa hiyo hata hesabu ya "kilichoingizwa mwisho kitakuwa mwisho" haishiki.

Hata bila `UPDATE`, mambo haya yanaweza kukubadilishia mpangilio:

Jedwali limekua. Kwa mipangilio ya kawaida, jedwali likifika megabaiti 8 PostgreSQL huanza kufikiria kulisoma kwa vibarua kadhaa sambamba. Kila kibarua huchukua kurasa zake, na anayemaliza mapema anatangulia kuleta. Ndiyo maana mashine yako yenye mistari 200 haikuonyeshi chochote, na seva ya kazini yenye milioni kadhaa inakuaibisha.

Umehamia toleo jipya. Tangu toleo la 16, la mwaka 2023, `string_agg` na `array_agg` zenyewe zinaweza kugawanywa: kila kibarua anaunga kipande chake, kisha vipande vinaunganishwa. Hoja isiyo na `ORDER BY` iliyotulia miaka kwenye toleo la 13 inaweza kuamka siku ya kuhama.

Wasomaji wawili wamekutana. Jedwali likizidi robo ya `shared_buffers` (kumbukumbu ambamo PostgreSQL hutunza kurasa ilizosoma), msomaji wa pili anayeanza kulisoma lote anaweza kudandia pale alipofika wa kwanza, asome hadi mwisho, kisha arudi kumalizia mwanzo aliouruka. Jibu linatoka limekatwa katikati na kugeuzwa kama karata. Kitu hiki kipo tangu toleo la 8.3, na hutokea wakati wa msongamano tu, kwa hiyo kukinasa peke yako usiku ni kazi bure.

Ukitaka kujua yupi amekupata, tazama mpango:

```sql
EXPLAIN SELECT safari_id, string_agg(jina, ' – ')
FROM vituo GROUP BY safari_id;
```

Ukiona `Gather`, `Partial` au `Finalize`, ni vibarua. Zima kwa muda kwa `SET max_parallel_workers_per_gather = 0` na uone kama mpangilio unarudi. Kwa wale wanaodandia, zima `synchronize_seqscans`. Lakini tafadhali, hizi ni za kupimia. Nimekuta seva ambayo mtu alizima vibarua moja kwa moja "ili ripoti zitulie", na kila hoja nyingine ikalipa gharama hiyo kimya kimya. Dawa ni hii:

```sql
SELECT safari_id, string_agg(jina, ' – ' ORDER BY namba)
FROM vituo
GROUP BY safari_id;
```

`ORDER BY` iliyo ndani ya mabano ndiyo ahadi. Ipo kwenye PostgreSQL tangu toleo la 9.0.

Dalili: ORDER BY umeiweka, lakini nje

Wengi huandika hivi mara ya kwanza:

```sql
SELECT safari_id, string_agg(jina, ' – ')
FROM vituo
GROUP BY safari_id
ORDER BY namba;
```

Kanzidata inalalamika kwamba `namba` haimo kwenye `GROUP BY`. Mtu anaiongeza huko ili kelele ziishe, na sasa anapata mstari mmoja kwa kila kituo, hakuna kilichounganishwa. `ORDER BY` ya nje hupanga makundi baada ya kukusanywa. Haifiki ndani ya kundi.

Wakati tuko hapa: `GROUP BY` nayo haipangi makundi. MySQL ilikuwa inayapanga bila kuombwa, ikaacha kuanzia 8.0. Oracle iliwashtua watu wake zamani zaidi, ilipoanza kukusanya kwa njia ya heshi kwenye 10g.

Dalili: nilipanga kwenye hoja ya ndani, na ilikubali

```sql
SELECT safari_id, string_agg(jina, ' – ')
FROM (SELECT * FROM vituo ORDER BY safari_id, namba) v
GROUP BY safari_id;
```

Hapa ndipo mabishano huwa makali. Kwenye PostgreSQL hii kwa kawaida inafanya kazi, na nyaraka zake zenyewe zinasema hivyo. Zinaongeza pia onyo: ukiweka kazi nyingine kwenye hoja ya nje, mathalani kuunganisha na jedwali jingine, mistari inaweza kupangwa upya kabla haijamfikia anayekusanya. Sasa fikiria ni nani atakayeongeza `JOIN` mwakani. Si wewe. Ni kijana mpya anayetaka jina la mkoa lionekane pembeni, na hajui kuwa mpangilio umening'inia kwenye uzi mwembamba.

Ukitoka PostgreSQL hali ni mbaya zaidi. SQL Server inakataa `ORDER BY` kwenye hoja ya ndani isiyo na `TOP` au mwenzake, kosa namba 1033. Waliojaribu ujanja wa `TOP 100 PERCENT` waligundua tangu toleo la 2005 kwamba mpangilio huo unatupwa. MariaDB huiondoa `ORDER BY` ya ndani isiyo na `LIMIT`. Kwao hilo ni sahihi kabisa: fungu la mistari halina mpangilio, kwa nini wapoteze muda kulipanga?

Dalili: nimeiweka ndani, bado inakosea

Hapa hakuna jibu moja. Nitaanza na lile lililonilia nusu siku.

`ORDER BY 1`. Kwenye hoja ya kawaida ina maana ya kolamu ya kwanza. Ndani ya mabano ya kitendakazi, 1 ni namba moja tu, thamani isiyobadilika. Unapanga mistari yote kwa kigezo ambacho wote wanalingana, yaani hujapanga. Hakuna kosa linalotolewa. Ukikagua msimbo kwa macho, unaiona `ORDER BY` ipo na unapita.

Kitenganishi mahali pasipo pake. `string_agg(jina ORDER BY namba, ' – ')` inasomeka kama kitendakazi chenye kiingizo kimoja na vigezo viwili vya kupanga. Utaambiwa `string_agg(text)` haipo, na utaanza kushuku usakinishaji wako. Kitenganishi kinatangulia, `ORDER BY` inafunga.

Namba zilizohifadhiwa kama maandishi. Kituo cha '10' kinakaa kabla ya cha '9', maana herufi 1 iko kabla ya 9. Andika `ORDER BY namba::int`, kisha tafuta muda urekebishe kolamu yenyewe.

Wanaolingana. Hili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linaonekana limepona. Umepanga kwa `iliundwa`, kolamu ya wakati inayojazwa na `now()`. Kwenye PostgreSQL `now()` ni wakati muamala ulipoanza, hausogei ndani ya muamala huo. Vituo sita vilivyoingizwa pamoja vina wakati mmoja hadi sekunde ndogo ya mwisho. Kati yao hakuna mpangilio, na umerudi kwenye bahati. Ongeza kivunja sare ambacho hakijirudii:

```sql
string_agg(jina, ' – ' ORDER BY iliundwa, id)
```

Kwa vituo vyangu nilikwenda mbele zaidi na kuweka sharti la `UNIQUE (safari_id, namba)`. Lilikataa kuwekwa. Safari tatu zilikuwa na vituo viwili vyenye namba 4, na hakuna aliyekuwa akijua.

Wasio na thamani. PostgreSQL na Oracle huweka `NULL` mwisho ukipanga kwa kupanda, ilhali MySQL na SQL Server huwaweka mwanzo. Kwenye PostgreSQL na Oracle taja `NULLS FIRST` au `NULLS LAST` usibahatishe.

Na herufi. Kupanga maandishi hufuata kanuni za lugha zilizowekwa kwenye kanzidata, na kanuni hizo mara nyingi hutoka kwenye mfumo endeshi. Maktaba ya glibc, inayotumiwa na Linux nyingi, ilibadilisha kanuni zake kwenye toleo la 2.28, mwaka 2018, na seva mbili zenye data ile ile zikaanza kutofautiana. Ikiwa binadamu hasomi orodha hiyo, panga kwa `COLLATE "C"`, ambayo hulinganisha baiti tu bila kanuni za lugha.

Dalili: DISTINCT inagoma

Unataka kila mji mara moja, kwa mpangilio wa njia. Unaandika `string_agg(DISTINCT jina, ' – ' ORDER BY namba)` na unaambiwa kigezo cha kupanga lazima kiwe miongoni mwa viingizo. Kanzidata ina haki. Ikiwa Chalinze imetokea kama kituo cha 2 na cha 9, ikishabaki moja, ihesabike ya ngapi? Uamuzi ni wako, uuandike:

```sql
SELECT safari_id, string_agg(jina, ' – ' ORDER BY mwanzo)
FROM (
  SELECT safari_id, jina, min(namba) AS mwanzo
  FROM vituo
  GROUP BY safari_id, jina
) v
GROUP BY safari_id;
```

Ukiondoa `ORDER BY` ukabaki na `DISTINCT` peke yake, PostgreSQL itakupa majina yamepangwa kialfabeti, kwa kuwa inapanga ili kutambua yanayojirudia. Usiizoee. Ni njia yake ya kazi, haikukuahidi.

Dalili: orodha mbili hazioani

Mtu anaunganisha majina kwenye kolamu moja na nauli kwenye nyingine, kisha programu inazikata kwa mkato na kuzioanisha la kwanza kwa la kwanza. Siku moja Same inauzwa kwa nauli ya Moshi. `ORDER BY` ile ile kwenye zote mbili inasaidia, lakini haitoshi: `string_agg` huruka `NULL`, kwa hiyo kituo kisicho na nauli kinaivuta orodha nzima nafasi moja nyuma. `array_agg` huzitunza `NULL`, ndiyo maana kuchanganya hizo mbili ni kujitafutia shari. Beba jozi pamoja:

```sql
SELECT json_agg(
         json_build_object('jina', jina, 'nauli', nauli)
         ORDER BY namba)
FROM vituo
WHERE safari_id = 1;
```

Angalizo kwa wapenzi wa `jsonb`: safu ya vitu hutunza mpangilio, lakini funguo ndani ya kitu hazitunzwi ulivyoziandika. Zinapangwa kwa urefu, fupi mbele. Kwa hiyo `jsonb_object_agg(jina, nauli ORDER BY namba)` itakuletea Same na Moshi kabla ya Dar es Salaam, hata upange vipi.

Dalili: jumla inatofautiana kidogo

```sql
SELECT sum(x ORDER BY x), sum(x ORDER BY x DESC)
FROM (VALUES (0.1::float8), (0.2), (0.3)) t(x);
```

La kwanza ni 0.6000000000000001, la pili 0.6. Desimali elea hukata mabaki kila hatua, na mabaki hutegemea nani alitangulia. Vibarua wakileta kwa zamu tofauti, jumla nayo inatofautiana kati ya asubuhi na jioni. Usiipange hii, badilisha aina. Fedha ziwe `numeric`, au senti kwa namba kamili.

Ndugu yake ni alama ya `md5`, alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data nzima na kutumika kulinganisha seva mbili. Data ni moja, alama ni mbili, mtu anaamshwa usiku. Kabla hujamwamsha, angalia kama `string_agg` iliyolishwa kwa `md5` ina `ORDER BY id` ndani yake.

Dalili: orodha inakua mstari kwa mstari

Ukitumia `string_agg(jina, ' – ') OVER (PARTITION BY safari_id ORDER BY namba)`, mstari wa kwanza una Dar es Salaam pekee, wa pili una Dar na Chalinze, na kuendelea. Hiyo `OVER` ndiyo huitwa dirisha: kitendakazi kinakokotolewa kwa kila mstari bila kuikusanya kuwa mmoja. `ORDER BY` ya dirisha haipangi tu, inaweka na mpaka kwenye mstari ulipo. Ongeza `ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND UNBOUNDED FOLLOWING`. Usijaribu kuiingiza `ORDER BY` ndani ya mabano hapo, PostgreSQL itakuambia haijatekelezwa kwa madirisha.

Arusha imepotea kabisa

Hili si la mpangilio ila hufanana nalo. `GROUP_CONCAT` ya MySQL hukata jibu likifika ukomo wa `group_concat_max_len`, ambao kwa kawaida ni baiti 1024. Jibu linaishia katikati ya neno na onyo dogo ambalo programu nyingi hazilisomi. Panua ukomo. Oracle ina adabu zaidi, inakataa kwa ORA-01489, na tangu 12.2 unaweza kuiomba ikate kwa `ON OVERFLOW TRUNCATE`.

Kuandika kwa wengine

MySQL na MariaDB: `GROUP_CONCAT(jina ORDER BY namba SEPARATOR ' – ')`. Oracle, na SQL Server kuanzia 2017: `LISTAGG` au `STRING_AGG`, kisha nje ya mabano `WITHIN GROUP (ORDER BY namba)`. SQLite imekubali `ORDER BY` ndani ya `group_concat` kuanzia 3.44, Novemba 2023. Simu na vifaa vingi bado vina SQLite ya zamani kuliko hiyo, kwa hiyo angalia toleo kabla hujaitegemea. `JSON_ARRAYAGG` ya MySQL haina pa kuweka mpangilio. Pale mimi huchukua mistari iliyopangwa na kuijenga JSON kwenye programu.

Gharama ipo. Kila kundi linapangwa, na kitendakazi chenye `ORDER BY` ndani yake hakigawiwi kwa vibarua. Kwenye PostgreSQL 16 na kuendelea, faharasa ya `(safari_id, namba)` humwezesha mpangaji (sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kutekeleza hoja) kuipata mistari ikiwa imeshapangwa, asipange tena. Kwa lile sharti la `UNIQUE` nililolitaja, faharasa hiyo inakuja yenyewe. Kwenye matoleo ya nyuma kupanga kulifanyika ndani ya hatua ya kukusanya, na `EXPLAIN` haikukuonyesha, kwa hiyo usishangae ukihama ukaona hatua ya `Sort` ambayo hukuwahi kuiona.

Tiketi zilirekebishwa jioni ile ile, maneno mawili tu yakiongezwa na jina la kolamu. Wiki iliyofuata mama alipiga tena. Safari hii karatasi ilikuwa inakwama kwenye printa.